Royal Tour na madai ya wasanii wetu

Mjadala wa filamu ukianza hapa Arusha, haupiti muda Royal Tour, ile filamu ya kutangaza utalii wa Tanzania, itatajwa. Mtu wa Bongo Movie akilalamika kwamba filamu za wageni haziwaachii vijana wetu ufundi, anaambiwa ana wivu na kutajiwa idadi ya watalii. Naona hajasikilizwa.

Rais Samia apewe haki yake. Alikubali kusimama mbele ya kamera na kumtembeza nchini mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg, na Aprili 28, 2022 filamu ikazinduliwa hapa kwenye ukumbi wa mikutano wa AICC. Madereva wa watalii mtaani Sakina wanaoosha Land Cruiser usiku ili waondoke alfajiri wanaijua faida ya wageni.

Ila ile takwimu inayotajwa kila mara inanisumbua. Watalii walikuwa 922,692 mwaka 2021, wakafika 1,808,205 mwaka 2023. Sawa, lakini 2021 dunia ilikuwa bado kwenye korona. Mwaka 2019, kabla ya filamu, tulipokea 1,527,230. Na 2022, mwaka wa uzinduzi wenyewe, walikuja 1,454,920, bado pungufu ya 2019. Filamu ilisaidia, siamini vinginevyo, lakini nani atatenganisha wageni iliowaleta na wale waliorudi kwa sababu ndege zilianza tena kuruka? Kwa hesabu hiyo msanii ananyamazishwa.

Naye hapingi watalii kuja. Anataka ufundi ubaki. Filamu ya Hatari! ya John Wayne, iliyotoka 1962, ilipigwa maeneo yetu haya; wanyama walikuwa wa hapa, wataalamu wakarudi kwao. Leo rafiki yangu anapiga picha za harusi na kipaimara ili hela aiweke kwenye filamu yake. Mwezi uliopita nilimshikia taa Njiro. Jua lilizama zikiwa zimebaki scene mbili, na kamera ya kukodi ilitakiwa irudi saa moja.

Juni 2024 Rais alikwenda Korea Kusini akiwa na wasanii wa filamu, kwa hiyo pengo analiona. Lakini ziara haimfundishi mtu kamera kama kufanya kazi na waliobobea. Sheria ya filamu iliporekebishwa 2019, wageni wanaopiga filamu nchini walitakiwa kukabidhi nakala ya picha ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa. Kama tumeweza kudai picha, tudai na nafasi za vijana wetu kwenye kila kikosi cha filamu kinachoingia: mmoja kwenye kamera, mmoja kwenye sauti, na walipwe.