Kujitakia Hakuna Pole? Uchungu wa Askari wa Hiari

Askari mstaafu akithubutu kusema kwamba usingizi umempaa au kwamba hasira humpanda bila sababu, jibu huwa limeshaandaliwa: hukulazimishwa, ulijiunga mwenyewe, na mshahara ulikuwa ukipokea. Kujitakia hakuna pole. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na hoja yao ina mashiko kuliko sisi tuliovaa gwanda tunavyopenda kukubali. Naipima kwanza kwa haki, kabla sijasema inapopotoka.

Jeshi la hiari lina sifa zake. Marekani ilipoacha kuandikisha vijana kwa lazima mwaka 1973, ilikuwa inatoka Vietnam, ambako kijana mwenye nafasi chuoni aliweza kuahirishiwa zamu huku mwenzake asiye na nafasi hiyo akipandishwa ndege. Jenerali William Westmoreland, aliyekuwa ameongoza majeshi huko, aliieleza tume ya Rais Nixon iliyochunguza suala la jeshi la hiari kwamba hataki kuongoza jeshi la mamluki. Mchumi Milton Friedman, mjumbe wa tume hiyo, akamuuliza kama angependelea kuongoza jeshi la watumwa. Sijaona mtetezi wa jeshi la lazima aliyelijibu swali hilo vizuri hadi leo. Uingereza iliacha kuita vijana mwaka 1960, Ujerumani ikasitisha mwaka 2011, na makamanda wengi watakwambia kuwa aliyekuja kwa miguu yake hufundishika, hudumu kazini, na hategi.

Hata sisi wastaafu tuna la kushukuru. Wengi tulipata humo elimu, nidhamu na ndugu wasiotokana na tumbo moja. Tena si kila aliyekwenda vitani amerudi amevunjika. Kumwona kila mstaafu kama mgonjwa anayesubiri kulipuka ni dhuluma, na imewakosesha kazi watu wazima wenye akili timamu.

Lakini hoja ya hiari inachukua tendo la siku moja na kulitandaza juu ya miaka yote inayofuata. Siku yangu ya kusaini naikumbuka kwa meza. Fomu zilipangwa kwa mafungu, na kila pa kusaini palikuwa pamewekwa alama ya kalamu nyekundu ili tusichelewe. Sajenti alituambia tusome, kisha akatazama saa yake. Ukurasa nilioupitia kwa makini ni ule wa mshahara. Kwamba naweza kufa, nilijua, na kila kuruta anajua. Vita gani, dhidi ya nani, kwa amri ya nani na kwa mara ngapi, hayo hayakuwemo kwenye fomu, na hayawezi kuwemo, kwa sababu wanaoyaamua huwa hawajayaamua bado.

Fundi akichoshwa na kazi huaga akaondoka. Askari akiondoka bila ruhusa ni mtoro na anashtakiwa. Natolea mfano Marekani kwa kuwa mambo yake yameandikwa wazi: kuruta wa huko kwa kawaida hufungwa na wajibu wa jumla ya miaka 8, sehemu kambini na iliyobaki kwenye akiba, ambako anaweza kuitwa tena. Na wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan, makumi ya maelfu ya askari ambao muda wao kazini ulikuwa umekwisha walizuiwa kuondoka, kwa mujibu wa sheria, kwa sababu vikosi vyao vilihitajika. Hao nao tuwaambie walijitakia?

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni kwa urahisi. Jeshi la hiari ni dogo, kwa hiyo vita vikirefuka wanaorudi mstari wa mbele ni walewale. Askari wa nchi kavu aliyepelekwa Vietnam kwa kawaida alikaa miezi 12, akarudi nyumbani. Warithi wake walikwenda Iraq, wakarudi, wakaenda tena, wengine mara ya tatu na zaidi, na mwaka 2007 zamu ya jeshi la nchi kavu ikaongezwa hadi miezi 15. Walio kwenye utumishi wa kudumu hawafiki hata mmoja kati ya Wamarekani 100. Wengine 99 wako huru kuviunga mkono vita, kuvipinga au kuvisahau.

Halafu kuna takwimu inayonikosesha raha kila nikiitafakari. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kuwa karibu askari mmoja kati ya 5 waliorudi Iraq na Afghanistan alikuwa na dalili za kiwewe cha vita au sonona. Upande wa pili huidaka haraka: basi wanne kati ya 5 wako salama! Ni kweli, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa kati ya wenye dalili, waliokuwa wametafuta msaada walizidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Kwa nini wengine hawakwenda? Sababu mojawapo waliyoitaja ni hofu ya kuharibikiwa kikazi.

Hapo ndipo hiari inapogeuka kitanzi. Aliyeitwa kwa lazima kwa miaka miwili hana cheo cha kukilinda, naye anahesabu siku aende zake. Wa hiari amelifanya jeshi kuwa maisha yake: nyumba, bima ya watoto, pensheni, heshima mbele ya kikosi. Akimwambia daktari kwamba usiku anasikia sauti za watu waliokwisha kufa, anaogopa kunyang'anywa silaha, na askari asiye na silaha hapandi cheo. Kwa hiyo ananyamaza. Nimekaa na watu wa namna hiyo lindoni. Mmoja alikuwa akifunga na kufungua kamba za viatu usiku kucha, na asubuhi alipoulizwa hali alijibu "safi, afande" kwa sauti kubwa kuliko sisi wote.

Sidai kwamba wa lazima huumia kidogo. Waliorudi Vietnam waliteseka vibaya, na kelele zao zilichangia sana madaktari wa akili wa Marekani kuutambua rasmi ugonjwa wa kiwewe mwaka 1980. Tena idadi ya wastaafu wanaojiua nchini humo, ambayo kwa miaka mingi imezidi 6,000 kwa mwaka, inajumuisha wazee wa enzi za kuitwa kwa lazima na watu ambao hawakuwahi kukanyaga vitani. Anayeitumia kama hukumu dhidi ya jeshi la hiari anaivuta kupita uwezo wake.

Ninachosema ni kwamba uchungu wa aliyejitolea una sura yake. Daktari Jonathan Shay, aliyewatibu wastaafu wa Vietnam, aliandika juu ya jeraha la dhamiri: maumivu ya mtu aliyetenda, au aliyetendewa na wakubwa wake, jambo linalopingana na anachokiamini. Aliyelazimishwa ana pa kuegemea, kwa maana anaweza kusema nililetwa. Wa hiari akitafuta wa kulaumu anakutana na saini yake mwenyewe. Kwa hiyo jirani anapomwambia "si ulijitakia", hamwambii jipya. Anamrudishia maneno ambayo mwenyewe amejiambia usiku kucha.

Wapo wanaopendekeza vijana waitwe tena kwa lazima, ili watoto wa wabunge nao waende na vita vipungue. Sweden iliurudisha utaratibu huo mwaka 2017, ingawa kwa sababu za ulinzi wake. Mimi siungi mkono. Vietnam walipigana pia walioitwa kwa lazima, na vita havikuisha haraka. Naona kuna la kufanya ndani ya hiari yenyewe: kifungu cha akiba na cha kuzuiwa kuondoka kisomwe kwa sauti kabla ya ukurasa wa mshahara, zamu za mfululizo ziwekewe kikomo, na kamanda anayeandika ripoti ya kupandisha cheo asione faili la mtoa ushauri nasaha wa askari huyo.

Hili la mwisho linapingwa kwa hoja nzito, kwamba kamanda hawezi kumkabidhi bunduki mtu ambaye hali yake haijui. Nakubali akijulishwa pale ambapo kuna hatari ya wazi. Lakini kwa utaratibu wa sasa hajulishwi lolote, maana mwenye tatizo haendi kwa daktari kabisa, na bunduki anayo.