Kitara cha Nizam kirudi kwa nani?

Bapa lake limepinda kama nyoka, makali yana meno ya msumeno, na juu ya chuma chake chenye mawimbi pametiwa nakshi za dhahabu za tembo na chui milia. Mwaka 1903, Mahboob Ali Khan, Nizam (yaani mtawala) wa Hyderabad, dola ya kusini mwa India, alikionyesha kitara hiki Delhi, kwenye sherehe za kumtangaza Edward VII, mfalme wa Uingereza, kuwa Kaisari wa India. Makumbusho ya Glasgow, Scotland, yanasema kiliibwa mwaka 1905 na waziri mkuu wa Nizam mwenyewe, akamuuzia Jenerali Archibald Hunter, kamanda wa jeshi la Waingereza Bombay. Mwaka 1978 makumbusho yakakipokea kama zawadi. Tarehe 19 Agosti 2022, kwenye jumba la makumbusho la Kelvingrove mjini Glasgow, zilitiwa saini hati za kukirudishia India umiliki wake, pamoja na vitu vingine sita.

Vile sita, vingi viling'olewa kwenye mahekalu karne ya 19, na sioni cha kubishania hapo. Ubishi uko kwenye kitara. Kiliuzwa, tena na Mhindi, na aliyenunua alilipa. Wanaopinga wanasema huo si uporaji wa kikoloni, ni wizi wa ndani ya nyumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini hainitoshi. Mwizi hana haki ya kuuza asichokimiliki. Na Hunter hakuwa mpita njia aliyeokota kitu mnadani: alikuwa jenerali wa dola iliyoitawala India, na kitu chenyewe kilikuwa kimeonyeshwa Delhi hadharani miaka miwili tu kabla. Mali ya nani, lilikuwa swali jepesi kuuliza.

Linaloniuma zaidi ni pa kukipeleka. Dola ya Nizam ilimezwa na India Septemba 1948, na hati za Glasgow zilitiwa saini na serikali ya India. Kisheria sawa: serikali ina uwezo wa kukitunza, na warithi wa Nizam ni wengi mno kukabidhiwa kitu kimoja. Ila kikiishia ghala la Delhi, watu wa Hyderabad watakuwa wamekikosa mara ya pili. Makumbusho ya Salar Jung yako hapohapo mjini kwao, na yana chumba cha silaha. Kiwekwe humo, na kibao chake kiseme yote: aliyeuza, aliyenunua, na mwaka.