Nani kakwambia uandike RIP kabla ndugu hawajapigiwa simu?

Hili jambo nimekaa nalo miezi mingi, leo acha niliseme. Mimi ni mtoto wa Mwanza, Kirumba, niko Hamburg mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, mara nyingi shifti za usiku. Ilikuwa Januari, saa kumi alfajiri, niko mapumziko jikoni kazini na kikombe cha chai mkononi, simu ikatetema. Grupu la tuliosoma sekondari. "Pole sana dada jamani." Chini yake wakafuata wengine, RIP mama, RIP mama, Mungu akutie nguvu, vile vimikono vya kuomba kama ishirini hivi. Mie sijui kitu, natafuta nani kafiwa nimpe pole na mimi. Nikapandisha juu kusoma, nikakuta picha ya mama mkubwa wangu, yule alonilea tangu nina miaka minne, picha ya kwenye kichen pati ya binti yake, imewekewa mshumaa pembeni.

Ndo nilivyoambiwa hivo.

Baadaye nikaja kujua kwamba kaka alikuwa kashapanga kila kitu. Mama mkubwa alifariki saa tisa usiku wa huko, kaka akampigia dada mmoja wa Bukoba ninayekaa naye mtaa mmoja hapa, akamwambia naomba uwahi kwake saa moja asubuhi anapotoka kazini, muingie ndani, umchemshie chai, akishakaa ndo unipigie niongee naye. Yaani habari inifikie nimekaa na mtu yuko pembeni. Hiyo ndo desturi niliyoikuta nyumbani na hakuna aliyeniandikia wala kunifundisha. Mtoto wa bweni akifiwa mwalimu hamwambii, anaambiwa tu unahitajika nyumbani, anafuatwa na mjomba, na njia nzima kwenye basi mjomba anaongelea mvua na bei ya mahindi mpaka wafike, mtoto ashukie mikononi mwa shangazi zake. Kuna wanaosema huko ni kumdanganya mtu. Mimi nasema ni kumbeba, na nimebebwa hivo mara moja nikiwa na miaka kumi na tatu, najua tofauti yake.

Masaa matatu tu yalitosha kuvunja mpango wa kaka. Na alovunja hakuwa mtu mbaya. Jirani alisikia vilio akaweka stetasi, mtoto wa huyo jirani nilisoma naye, akaenda kutafuta picha kwenye akaunti ya binti wa marehemu, akaweka mshumaa, akatuma. Nilipomuuliza kwa upole alilia, akasema alitaka nipewe pole mapema. Namwamini kabisa. Lakini tumefika mahali ambapo kuwa wa kwanza kuweka habari imekuwa kama ndo kuonyesha unajali, na anayesubiri wenye msiba waseme wenyewe anaonekana kachelewa, sasa mbio zote hizo tunamkimbilia nani?

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo kazi ya kupeleka habari ya kifo ndo kazi yangu. Mzee akifariki usiku kwetu pale kazini daktari anaitwa, tunafungua dirisha, tunawasha mshumaa kitandani pake, halafu mimi nachukua faili lake nampigia mtu alioandikwa wa kwanza. Sio wa pili. Asipopokea siachi neno "amefariki" kwenye mashine ya kurekodi, naacha jina langu na ombi la kunipigia. Akipokea nauliza kwanza kama yuko nyumbani au anaendesha gari, kama kuna mtu naye. Mpaka huyo mmoja ajue, hata mpishi anayeingia asubuhi haambiwi. Yaani watu nisiowajua nawapigia kwa unyenyekevu wote huo, halafu msiba wangu mimi nausoma katikati ya tangazo la viwanja vya Kisesa na klipu ya mahubiri.

Sasa msije mkasema huyu kakaa Ulaya anataka kutuletea ya kwao. Hapana. Wa rika langu na walionizidi mnakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bibi alikuwa anatunyamazisha wote, hata kijiko kwenye sufuria kisilie. "Anasikitika kutangaza kifo cha..." halafu "habari ziwafikie" fulani wa Geita, fulani wa Tarime, fulani wa Tabora. Nchi nzima inasikia, kweli, na wapo waliopata mshtuko pembeni ya redio kwa sababu simu hazikuwepo na barua ingefika watu washazika. Lakini tangazo lilikuwa na mwenyewe! Mtu wa familia alitumwa, akaandika majina, akalipia, na wale wa kufikiwa na habari walitajwa mmoja mmoja. Msemaji wa msiba alijulikana ni nani. Kwenye grupu kila mtu ni msemaji, wa msiba ambao hata njia ya kwenda haijui.

Huku nilipo mambo yako kinyume kabisa na ilinichukua miaka kuyaelewa. Jengo letu lina familia 14 na tuna grupu la WhatsApp. Nilipoingizwa, asubuhi ya kwanza nikasalimia wote, na picha ya maua. Kimya. Kesho yake tena, kimya. Siku ya nne bibi wa ghorofa ya pili akagonga mlango wangu, mama mpole sana, akanieleza kwamba grupu ni la lifti ikiharibika, maji yakikatwa, na mizigo ya posta. Nililia siku ile, niliona nimeingia kwa watu wasiotaka hata salamu. Kumbe wenyewe waliona nawasumbua kuwaita kwenye simu bila shida yoyote. "Nani kapokea mzigo wangu?" "Mimi, ghorofa ya tatu." Dole gumba. Imeisha, na wameshaheshimiana kwa namna yao.

Kwetu grupu ni baraza. Huwezi kupita barazani kwa watu ukanyamaza, ukifanya hivo utaulizwa una nini. Ndo maana grupu la ukoo linaamka na shikamoo zake saa kumi na mbili asubuhi, na marahaba za wazee zinakuja moja moja mpaka saa nne, na mtu asiyesalimia siku tatu anapigiwa simu kuulizwa kama mzima. Hicho kitu nakipenda. Nakipenda sana, wala sitaki kije kufanana na grupu la mizigo ya posta.

Ila kuna la bibi wa ghorofa ya pili lililonibadilisha. Mzee wa ghorofa ya nne alifiwa na mkewe, habari tukaiona kwenye kikaratasi kilichobandikwa mlango wa chini, na kwenye grupu hakuna aliyeandika neno. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nikasema hawa ni watu gani hawa. Nilikuwa nishaandika pole yangu kwenye grupu, kabla sijatuma nikamuuliza bibi, akaniambia hapana, mwandikie kadi kwa mkono, weka kwenye sanduku lake la barua. Nikashuka na kadi yangu, nikakuta sanduku limejaa bahasha mpaka zimechomoza nje, zingine zina pindo jeusi. Kumbe pole zilikuwepo, zilipita mlango mwingine, mlango ambao mzee anaufungua mwenyewe akiwa na nguvu ya kuufungua, hata iwe wiki ya pili. Mwezi uliofuata kila aliyemwandikia alipata kadi ya shukrani yenye sahihi yake.

Sitaki kuwasifia kupita kiasi. Kadi zilijaa lakini mzee alikuwa anakula peke yake, na hiyo kwangu ni kasoro kubwa kuliko RIP zote. Nilimpelekea maandazi, tukakaa saa nzima bila maneno mengi. Kwetu asingekaa peke yake hata siku moja mpaka arobaini ipite, watu wangelala chini kwenye mikeka sebuleni kwake.

Kwenye picha ndo hawa watu hawana mchezo kabisa. Mwanangu alipoanza chekechea nilipewa fomu ya kujaza, unakubali mtoto apigwe picha, unakubali iwekwe ukutani, unakubali wazazi wengine waipate, kila swali peke yake. Mimi nikaweka stetasi ya sherehe ya kuzaliwa ya mwanangu na wenzie wakiwemo, jioni ileile mzazi mmoja akanipigia akaniomba nifute. Nikafuta na nikaomba radhi. Nilidhani ni mambo ya intaneti na ile sheria ya data ya Ulaya iliyoanza kutumika 2018, kumbe lina mizizi mirefu, na mtaniwia radhi nitapita historia kidogo maana inatuhusu watu wa Mwanza.

Bismarck mnamjua, kansela wa Ujerumani wa zamani zile. Yule wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 tuliokaririshwa shuleni, yule ambaye jiwe letu pale ziwani karibu na kivuko cha Kamanga mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Huyo alifariki tarehe 30 Julai 1898 nyumbani kwake Friedrichsruh, sio mbali na hapa Hamburg. Usiku huohuo wapiga picha wawili wa Hamburg wakapenya mpaka chumbani, wakampiga picha maiti kitandani, wakaanza kutafuta wa kumuuzia. Familia ikaenda mahakamani, picha zikachukuliwa, na wale jamaa wakafungwa. Kelele za kesi ile zilichangia kuletwa kwa sheria ya 1907, inayosema picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake, na akifa basi ridhaa ya ndugu zake wa karibu kwa miaka 10. Sheria hiyo bado inafanya kazi. Yaani mtu aliyekaa mezani wakati Afrika inagawanywa kama keki, maiti yake ililindwa na mahakama, na mama mkubwa wangu aliyeuza dagaa Kirumba maisha yake yote, picha yake inabebwa na yeyote mwenye bando.

Na ya mama mkubwa ilikuwa picha nzuri, kapendeza. Kuna zile za wagonjwa na mipira puani, mtu hana nguvu hata ya kusema usinipige, anawekwa kwenye grupu "tumuombee mwenzetu". Tuombeeni bila picha, Mungu anatujua sura! Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200, mimi huku nilipokea picha za miili ufukweni kutoka magrupu matatu tofauti kabla sijampata ndugu yangu hata mmoja kwenye simu. Tuna watu Ukerewe. Nilikuwa nazikuza picha natafuta nguo ninazozijua. Sitaki mtu yeyote afanye kitu kile tena. Ilipozama MV Bukoba mwaka 1996 nilikuwa mdogo, nakumbuka wanaume wanatoka Igombe na ziwani, wanatembea nyumba kwa nyumba kupeleka habari wakiwa wawili wawili, na hakuna mtoto alioneshwa kitu.

Nyumbani nako sheria zipo msije mkadhani hazipo, ya makosa ya mtandao ya 2015 na ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Lakini shangazi yangu akituma picha ya mgonjwa si kwa kutojua sheria, anatuma kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani aliyemwambia shangazi, hapo umekosea. Hilo ndo linalokosekana. Barazani mtu akiropoka kuna mzee anakohoa, na wote tunaelewa. Kwenye grupu nani anakohoa?

Tena mengine tunayolalamikia wala si mapya. Watu wa huku hupenda kulaumu ile orodha ya michango, majina yamepangwa na namba, huyu elfu hamsini tiki, huyu ameahidi, eti tunaaibishana. Mimi siungi mkono hiyo lawama. Ile ni daftari la msibani lilelile, kijana amekaa na kalamu mlangoni anaandika, na jioni linasomwa kwa sauti. Kwa mama mkubwa orodha ile ilisafirisha watu kutoka Dar na Tabora ndani ya siku mbili, mimi nilituma euro zangu zikaandikwa kama za wengine. Ninachokataa ni kumtaja mtu kwa jina mbele ya wote kwamba hajalipa, kwa sababu mwenye daftari hakuwahi kusimama kumnyooshea mtu kidole, alimfuata pembeni nyuma ya nyumba. Pembeni ipo kwenye simu pia, mfuate inboksi.

Baada ya arobaini nilimwandikia baba mdogo, ndo mkubwa wetu sasa, nikamweleza vile nilivyosoma msiba jikoni kazini. Alikaa kimya siku mbili, nikadhani nimemuudhi. Kisha akatuma voisi noti ya dakika tisa kwenye grupu la ukoo. Alisema kuanzia leo habari ya kifo au ya ajali haiandikwi na mtu yeyote humu mpaka yeye aandike "wote wameshapigiwa", na walio mbali watafutiwe kwanza mtu wa kukaa nao, na stetasi ni hivohivo, na picha itachaguliwa na watoto wa marehemu. Watu wakajibu ndiyo baba, sawa baba, mpaka jioni.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili mchana, dada wa Bukoba alipiga kengele yangu bila kuniambia kama anakuja. Alikuwa na mkate. Akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni kuweka maji ya chai, akaniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia kalala. Simu ikalia, kaka.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umekaa?"

Nikavuta kiti.