Paka aliyeruka asirudi chini

Kuna mwalimu mmoja kaandika kwamba kufundisha watoto kompyuta kwa kutengeneza gemu na katuni ni kuwachezesha tu, bora waanze moja kwa moja na Python, lugha ya kuandika programu kwa maneno. Mwalimu mwenzangu, hapo hapana. Klabu yetu ina mashine sita kwa watoto ishirini na wanne, tunatumia Scratch, programu ya kutengeneza gemu na katuni kwa kupanga vipande vya amri, ile ya chuo cha MIT cha Marekani iliyotoka 2007, toleo lisilohitaji intaneti. Juzi binti wa darasa la sita alitaka paka wake aruke kiunzi. Paka akapaa, akaganda juu kama kishada. Kumbe kaandika y (namba ya kupanda na kushuka) iongezeke 10, kisha tena 10. Akakaa kimya, akaweka alama ya kutoa mbele ya ile 10 ya pili, paka akatua. Namba hasi hizo hizo nilizihangaikia ubaoni wiki mbili nzima (na chaki ikaniishia)!

Nakubaliana naye kidogo tu: wapo wanaoshinda wakibadilisha rangi ya paka, kipindi kinaisha gemu hakuna. Hao siku hizi nawaambia waniandikie kwanza kwenye daftari paka atafanya nini, ndipo waguse mashine. Wananuna, lakini wanaandika.