Shilingi 75,000 zinazoichafulia ofisi jina

Msanii wa Mbagala kakubaliana na taasisi ndogo ya sanaa achore ukuta kwa shilingi 1,500,000. Siku ya malipo simu inasoma 1,425,000. Jua halijazama, kundi zima la WhatsApp limeshajua kwamba "ofisi imekula".

Hizo 75,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Mlipaji anatakiwa kuifikisha Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na asipoikata deni linakuwa lake. Msanii mwenye namba ya mlipakodi (TIN) ana haki ya kupewa hati ya zuio, yaani karatasi inayothibitisha kodi imekatwa, kiasi hicho kihesabiwe kwenye kodi yake ya mwaka. Kama hakuelezwa hayo kabla ya kusaini, ofisi imekosea, ila haijaiba.

Lawama nyingine kwa taasisi za aina hii zina mashiko. Mwanzilishi anakalia ukurugenzi miaka nenda rudi, bodi ni shemeji na rafiki wa chuo, mkataba ni Kiingereza kitupu, wanufaika ni walewale kila mradi. Bodi ya namna hiyo haiwezi kumuuliza mtu swali gumu.

Lakini ile lawama kwamba fedha za wafadhili huishia ofisini inataka kalamu na karatasi. Chukua ruzuku za Umoja wa Ulaya: gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za kuendesha ofisi, hulipwa kwa kawaida hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Shughuli za milioni 100 kwa mwaka zinaiachia ofisi milioni 7, yaani hazifiki 600,000 kwa mwezi. Toa humo LUKU, maji, intaneti na mlinzi wa usiku, kisha utafute pa kumweka mhasibu. Mwenye nyumba Mikocheni anataka kodi ya pango ya miezi 6 kwa mkupuo. Mfadhili analeta kwa awamu, na awamu ya mwisho anaishikilia mpaka ripoti ipite. Mradi ukiisha Desemba na mwingine ukaanza Aprili, katikati hapo mratibu anaandika maombi ya fedha bila mshahara. Asilimia 7 haijui miezi hiyo.

Halafu risiti. Fundi ananunua hadibodi na rangi ya mafuta Kariakoo, anarudi na kikaratasi cha mkono. Mkaguzi anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la taasisi. Asipoiona, gharama inakataliwa na taasisi inarudisha fedha ambayo imeshakauka ukutani.

Wapo wanaosema taasisi ziige ushirika wa wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay, ulioundwa 1990 na unaoishi kwa kuuza. Sawa, kwa picha ya mraba inayoingia kwenye sanduku la mtalii. Mcheza ngoma ya kisasa anayehitaji wiki 6 za mazoezi kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa atauza nini?

Dawa ya ugomvi wa Mbagala, hata hivyo, haimsubiri mfadhili. Ni mistari mitatu ya Kiswahili juu ya sahihi: malipo kabla ya kodi 1,500,000, kodi ya zuio 75,000, utapokea 1,425,000. Na hati ya zuio atumiwe kwenye WhatsApp hiyohiyo.