Mkoba uulizwe, mume asitajwe

Wapo wanaomaliza In the Mood for Love, filamu ya Wong Kar-wai ya mwaka 2000, wakalalamika kwamba hakuna kilichotokea. Kimetokea, tena mezani mgahawani, ila kimepita kwa jina la mkoba.

Ni Hong Kong, 1962. Bwana Chow na Bi Chan ni wapangaji majirani, kila mmoja na ndoa yake. Chow anauliza: ule mkoba wako umeununua wapi? Nataka kumnunulia mke wangu. Bi Chan anamsifu kwa kumjali mkewe, kisha anamtahadharisha kuwa wanawake hawapendi kufanana, hasa majirani. Mwisho anasema mumewe aliununua safarini, hapa hauuzwi. Zamu yake sasa: na hiyo tai? Chow anajibu kuwa mkewe aliinunua safarini, hapa haiuzwi.

Jibu ni lile lile. Mume wangu anayo kama hiyo, anasema Bi Chan. Mke wangu ana mkoba kama wako, anasema Chow. Najua, nimeuona, anajibu Bi Chan.

Wote wawili wameshaelewa kuwa wenzi wao wanatoka pamoja, na hakuna aliyemshtaki mtu. Kila swali limeachiwa upenyo wa kutokea: kama mwenzako hajui lolote, yamebaki mazungumzo ya manunuzi. Aliyevaa kanga yenye jina kali mbele ya jirani anaujua upenyo huo. Ukimuuliza atakwambia kapenda rangi.

Ukiitazama mara ya pili, fuata vitu kabla ya maneno. Mikoba na tai vimeshatajwa mapema, vikimhusu bosi wa Bi Chan, Bwana Ho, mwenye mke na hawara. Ikifika zamu ya mgahawa, mtazamaji makini ameshajua vitu hivyo hubeba nini. Kosa la wengi ni kusaka fumbo katika kila sentensi, hadi tambi anazonunua Bi Chan zinageuka ishara. Hapana. Tafuta kitu kilichorudiwa, na swali dogo linaloulizwa kwa uzito usiolingana nalo.

Halafu sikiliza wanavyoitana. Bi Chan jina lake mwenyewe ni Su Li-zhen. Chan ni la mumewe. Kila Chow anapomwita Bi Chan, mume asiyeonyeshwa uso anavutiwa kiti mezani. Mfasiri akiandika "dada" au "mpenzi", kiti kimeondolewa. Na wale wanaosimulia filamu kwa sauti juu ya picha, wenye mazoea ya kuwahi kufafanua, hapa wangetuharibia: sema "anajua mumewe anatoka na mke wa jamaa" dakika moja mapema, na tai inabaki kitambaa.

Baadaye wanaagiziana chakula ambacho wenzi wao wangekula. Chow anamwekea Bi Chan haradali pembeni ya sahani. Bi Chan anaionja, inamchoma, na hapo anajua mke wa Chow anapenda vikali.