Shajara ya Anne Frank: aliyefuta ni nani?

Otto Frank alipochapisha shajara ya binti yake mwaka 1947 nchini Uholanzi, alikuwa ameondoa baadhi ya maneno: makali aliyoyaandika Anne juu ya mama yake, na mengine juu ya mwili wake uliokuwa ukikua. Tangu matoleo kamili yaanze kutoka, baba huyo ameshutumiwa kwamba alimziba mdomo mtoto aliyekwisha kufa. Shutuma hizo zina ukweli ndani yake, lakini zinasahau kwamba mtu wa kwanza kuifutafuta shajara ile alikuwa Anne mwenyewe.

Familia ya Frank, Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Hitler, iliingia mafichoni mjini Amsterdam tarehe 6 Julai 1942, siku moja baada ya Margot, dada mkubwa, kuletewa barua ya kuitwa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Walikaa vyumba vya nyuma vya jengo la biashara ya Otto, Prinsengracht 263, nyuma ya kabati la vitabu lililoficha mlango. Jumla yao ilifika watu wanane. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944, na Otto peke yake ndiye aliyerudi akiwa hai.

Tarehe 28 Machi 1944, Gerrit Bolkestein, waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni, alisema kwenye Radio Oranje, redio ya serikali hiyo, kutoka London, kwamba baada ya vita shajara na barua za raia zikusanywe. Anne alikuwa akisikiliza. Mwezi Mei, kabla hata hajatimiza miaka 15, akaanza kuiandika upya shajara yake kwenye karatasi zisizofungwa, akikusudia kitabu alichokiita Het Achterhuis, yaani Nyumba ya Nyuma. Alikata, akaunganisha, akawabunia watu majina ya bandia. Mengi aliyoyaandika juu ya mapenzi yake na Peter van Pels, kijana aliyejificha pamoja nao, aliyaacha nje. Kazi hiyo hakuimaliza.

Kwa hiyo Otto aliachiwa maandiko mawili, yote yana mapengo: daftari linalohusu karibu mwaka mzima wa 1943 lilipotea, na karatasi mpya zinakomea Machi 1944. Akayaunganisha. Jambo ambalo wanaomlaumu hulitaja kwa nadra ni kwamba alirudisha pia yale ambayo binti yake alikuwa ameyaondoa, mapenzi ya Peter yakiwemo.

Kuhusu mama, namwelewa. Edith alifariki katika kambi ya Auschwitz Januari 1945. Ni mume gani angekimbilia kuchapisha maneno ya hasira ya binti juu ya mama wa namna hiyo? Tena Anne aliandika tarehe 2 Januari 1944 kwamba alisoma kurasa zake za nyuma na kushtuka kwa jinsi alivyomchukia mama yake. Lakini kurasa tano zilizojitokeza mwaka 1998, ambamo Anne anaipima ndoa ya wazazi wake kwa jicho kali ajabu, Otto hakuziweka pamoja na nyingine. Hapo simtetei. Mwandishi alikuwa ameona jambo na kulieleza vizuri, na aliyeguswa nalo ndiye aliyekuwa mhariri.

Hoja nzito kuliko zote za kuchapisha kila kitu haikutoka kwa wapenzi wa fasihi. Ilitoka kwa wanaokana mauaji ya Wayahudi, waliodai kwamba shajara ni ya kughushi. Otto alipofariki mwaka 1980 aliiachia maandishi taasisi ya Uholanzi ya nyaraka za vita. Wataalamu wakachunguza mwandiko, wino na karatasi, na mwaka 1986 likatoka toleo lililopanga maandiko yote bega kwa bega. Bila kazi ile, kila pengo lingekuwa silaha mikononi mwa waongo.

Hata hivyo kuna kurasa mbili zinazonipa taabu. Septemba 1942 Anne aliandika humo vichekesho vinne vichafu na mistari 33 juu ya mambo ya kijinsia, kisha akazifunika kwa kubandika karatasi ya kahawia. Mwaka 2018 watafiti walipitisha mwanga nyuma yake, wakazisoma na kuzitangaza. Wanaowaunga mkono wanasema tunamwona msichana wa kawaida anayejaribu kalamu yake. Ni kweli. Lakini karatasi ile aliibandika yeye, si baba yake. Alichokata Otto nakitaka kirudishwe. Hizi mbili ningeziacha kwenye hifadhi ya watafiti.

Wanaosahaulika kabisa katika mjadala huu ni walioandikwa. Fritz Pfeffer, daktari wa meno na mmoja wa wale wanane, alilala chumba kimoja na Anne, wakagombea meza ndogo ya kuandikia. Wasomaji wanamjua kama Dussel, jina la bandia alilompa Anne, lenye maana ya mjinga kwa Kijerumani. Alifia kambi ya Neuengamme Desemba 1944. Charlotte Kaletta, mwanamke Mkristo ambaye sheria za Hitler zilimkataza kuolewa naye, aliumizwa na sura aliyopewa mtu wake. Miep Gies, mfanyakazi wa Otto aliyewasaidia waliojificha, ndiye aliyekuwa akiwapelekea wawili hao barua zao wakati wa maficho. Toleo lolote linalosomwa shuleni leo lingepaswa kumtaja Pfeffer kwa jina lake halisi, na kueleza kwamba aliyemchora alikuwa msichana wa miaka 13 aliyelazimishwa kugawana naye chumba.